Sindano imenishusha kilo 36, ngozi ikagoma kuondoka. Niliyopitia mpaka kukatwa tumbo (uzi mrefu, leta kiti)

MamaWawili_Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara nne, leo natuma hivyo hivyo.

Nilianza na kilo 118, urefu sentimita 166, umri miaka 43, presha juu, magoti yanalia kila nikipanda ngazi za ofisini. Sindano ya wiki, Mounjaro, nilikuwa naletewa na mdogo wangu aliyeko Dubai, kwenye kibegi cha barafu, tukiomba ndege isichelewe. Miezi 20 baadaye mzani ukasoma 82. Habari za sindano yenyewe siendi huko, nyuzi zake zimejaa humu. Ila msipige hesabu kwa mwili wangu: kwenye utafiti mkubwa wa dawa hiyo, waliochoma dozi ya juu kabisa walipungua wastani wa karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Mimi nimepita 30. Kuna watu dawa inawakubali, na kuna watu inawashusha kilo tano tu inakaa.

Nilichokuja kusema ni ngozi. Ngozi haina habari kwamba mafuta yamehama. Imevutika miaka kumi na tano na mimba mbili juu yake, zile nyuzi zake za ndani zimeshakatika, unategemea irudi? Mikono ya juu ikawa mbawa za popo. Matiti yakawa soksi. Na tumbo, jamani. Tumbo lilining'inia likafunika mpaka juu ya mapaja kama aproni ya muuza samaki.

Asubuhi yangu ilikuwa hivi: nalinyanyua kwa mkono wa kushoto, naosha chini yake kwa mkono wa kulia, nakausha kwa kanga ya zamani iliyolainika, nasubiri mbele ya feni dakika tano, napaka poda, nakunja kitambaa cha pamba naweka katikati ya ngozi na ngozi, ndiyo navaa. Mchana chooni ofisini nabadilisha kitambaa. Joto la Dar la Februari mnalijua. Harara, fangasi, mara ngozi inachubuka inatoa harufu. Harusi moja Kijitonyama niliondoka kabla ya keki kwa sababu nilijisikia nanuka, hata kama hakuna aliyesema.

Mtaani nako walishanimaliza: amekanyaga miwaya huyu, yaani nina Ukimwi. Jirani alinijia na lita ya mtindi na macho ya huruma. Nikamwambia mama, nimepungua kwa sindano. Akaitikia "ndiyo, ndiyo mwanangu" kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Nikaanza kutafuta. Kliniki ya kwanza, sitaitaja. Kijana aliyevaa koti jeupe (sijui kama ni daktari, sikuuliza, ujinga wangu) aliniangalia nikiwa nimevaa nguo, dakika tano, akasema tunanyonya mafuta, njoo kesho na nusu ya hela. Bahati hela sikuwa nayo. Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba kunyonya mafuta hakuondoi ngozi. Mfuko umeshamwaga unga, wewe unaukung'uta zaidi ili iweje?

Daktari wa pili ni bingwa wa upasuaji rekebishi. Huyu alinivua nguo akiwepo nesi, akanisimamisha mbele ya kioo, akanikalisha, akaniinamisha, akashika ngozi kwa vidole viwili huku na huku kama fundi nguo. Akaniambia kaa. Nikakaa. "Hiyo iliyolala mapajani ndiyo tunayoizungumzia. Mengine yote subiri." Kisha akauliza, uzito wako haujasogea kwa muda gani? Nikajibu miezi miwili. Akafunga faili. "Rudi baada ya miezi minne."

Nilitoka nimenuna. Lakini sababu yake ni hii: ukikatwa huku bado unashuka, ngozi iliyokazwa leo inalegea tena, na hela imeshaliwa. Ukikatwa halafu ukapanda, inavutika upya. Wengi wanataka uzito utulie miezi mitatu hadi sita. BMI yangu (uzito ukilinganishwa na urefu) ilikuwa inaelekea 30, akasema hapo panafaa, juu zaidi vidonda vinasumbua kupona.

Hiyo miezi minne haikupotea bure. Vipimo vilitoka damu ni 9.8, na protini mwilini iko chini. Sindano inakata hamu, unashinda na chai na nusu ndizi unaona umeshiba, kumbe kidonda kinajengwa kwa nyama, mayai na maharage. Nikawekwa kwenye vidonge vya madini ya chuma, mayai mawili asubuhi, dagaa mchana, kunde usiku, nipende nisipende. Damu ilipofika 12 ndiyo tukapanga tarehe.

Kuhusu aina ya upasuaji, aliniwekea mezani hivi. Kuna kukata aproni tu, basi, misuli haiguswi. Kuna kukaza tumbo zima, unakata ngozi na kushona misuli iliyoachana wakati wa mimba, kovu linalala chini kutoka nyonga hadi nyonga. Kuna wa kuzunguka mwili wote kama mkanda, unanyanyua na makalio. Na kuna wa kukata kwa kulala na kwa kusimama, kwa wale ambao ngozi imelegea pande zote. Huo unaacha kovu la nanga. Nikasema mimi kovu la katikati sitaki. Akanionyesha kwenye kioo: "Mama, unalo tayari." Kweli, mtoto wangu wa kwanza nilizaa kwa kisu, kile cha kushuka chini ya kitovu. Miaka 17 nalitazama bila kuliona. Basi akapitia humo humo, akalipandisha mpaka juu.

Asubuhi ya siku yenyewe alinichora kwa kalamu nyeusi nikiwa nimesimama, mistari kama kitenge kinachopimwa kukatwa. Saa nne na nusu ndani. Ngozi na mafuta vilivyotoka, kilo tatu na gramu mia nne. Kuku wawili wa kisasa.

Wiki mbili za kwanza sitawadanganya. Unatembea umeinama kama bibi anayepalilia, maana ukinyooka mshono unavutwa. Unalala nusu umekaa, mito chini ya magoti. Sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande, kila siku. Mirija miwili inatoka kwenye kinena na vichupa vyake, majimaji mekundu yanajaa taratibu. Mama yangu alitoka Muheza kuja kunihudumia, akafungua daftari la mistari: tarehe, saa, kushoto ml ngapi, kulia ml ngapi. Daktari aliposema mrija unatolewa ukishuka chini ya 30 kwa siku, mama akawa ananitangazia kila asubuhi kama matokeo ya mpira. Wa kushoto ulitoka siku ya saba. Wa kulia, siku ya kumi na moja.

Siku ya kumi na tatu, pale mistari miwili inapokutana chini, kidonda kikaachia. Upana wa shilingi mia. Nililia. Kumbe hapo ndipo damu inafika kwa shida zaidi na alishanionya. Kusafisha na kufunga kila siku, wiki tano, kikajifunga chenyewe. Kovu la hapo ni pana kuliko kwingine.

Leo ni mwezi wa tisa tangu nikatwe. Chini ya kitovu bado pana ganzi, ukinigusa nasikia kama unagusa nguo yangu. Makovu yamekuwa ya kahawia iliyokolea. Mikono haijaguswa, matiti hayajaguswa. Lakini kile kitambaa cha pamba sikiweki tena.

Karibuni na maswali. Bei: gari langu, IST, limeondoka, na kikoba bado nadaiwa. Hospitali sitaitaja hadharani.

---

Kipanga Mweusi

Uzi bila picha ni batili.

---

MamaWawili_Tabata

@Kipanga Mweusi na ubatilike.

---

Mzee wa Gongo la Mboto

Mwanaume hapa. Kutoka 131 hadi 97. Kifua kimekuwa kama cha marehemu bibi, Coco Beach naingia majini na fulana. Naambiwa nipige chuma tu kitakaa sawa. Kuna ukweli?

---

DaktariMchungu

Mleta uzi ametusaidia sana sisi tunaorudia maneno hayo hayo kila kliniki.

@Mzee, chuma kinajaza msuli chini ya ngozi, kwa hiyo ukiwa na ulegevu mdogo na umri mdogo utaona tofauti. Ngozi yenyewe hakiikazi. Ukiweza kuikunja mkononi kama leso, hiyo inatolewa kwa kisu. Kwa mwanaume wanapunguza ngozi na tishu ya titi, mara nyingine chuchu inahamishwa, na kovu linabaki kifuani. Uamuzi ni wako: kovu au fulana.

Ngoja niongezee mambo ambayo watu hawayasemi kwa daktari wao.

La kwanza, SEMENI KAMA MNACHOMA SINDANO. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Umefunga tangu usiku, unalazwa kwa nusukaputi, kumbe wali wa jana bado upo, unarudi na kuingia mapafuni. Hilo linaua. Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri dozi ya wiki irukwe kabla ya upasuaji. Mwaka uliofuata vyama kadhaa vikakaa pamoja vikalegeza: wengi wanaweza kuendelea, ila kila mtu apimwe kivyake, na mwenye hatari ale vimiminika tu siku nzima kabla. Anayeongeza dozi sasa hivi, au anayetapika, hayuko salama kama aliyetulia. Kuificha sindano kwa sababu unaona aibu ndilo kosa kubwa.

La pili, sigara na shisha. Nikotini inabana mishipa midogo, ukingo wa ngozi iliyoshonwa unakufa, unakuwa mweusi. Wiki nne hadi sita kabla uache, na baada pia. Shisha ya tunda ni shisha.

La tatu, sisi weusi na keloidi. Ukitoboa sikio pakavimba kama njegere, mwambie daktari na muonyeshe. Haimaanishi huwezi kukatwa, ila kovu refu la sentimita 80 likiamua kuvimba lote utajuta.

La nne, msidai vyote siku moja. Tumbo, mikono, mapaja na matiti kwa pamoja ni saa nyingi mezani, damu nyingi inapotea, na hatari ya damu kuganda mguuni na kukimbilia mapafuni inapanda. Wenye akili wanagawa, miezi kadhaa katikati.

---

bintiwa_Pangani

Samahani kama nitaudhi. Hivi hatuogopi kubadilisha maumbile aliyotupa Mola?

---

Ummu Rayyan Zenji

@bintiwa_Pangani huudhi mwanangu, hata mimi nilimuuliza sheikh wetu kabla sijaanza kuulizia. Aliniuliza yeye: inakudhuru au hupendi inavyoonekana? Nikamwambia vidonda haviponi na udhu unanitaabisha. Akasema kuondoa madhara si sawa na kutafuta uzuri. Kwa mikono yangu aliniambia nivae mikono mirefu nimshukuru Mungu, na nikicheka alicheka na yeye.

---

KAZA_NGOZI_ORIGINAL

[Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi]

---

MamaWawili_Tabata

Niliuwahi kabla haujaondolewa. Siku 14 ngozi inakaza, eti. Mafuta ya nazi nimepaka miaka miwili, ngozi ilinawiri vizuri sana, pale pale ilipokuwa inaning'inia.

---

Mbongo wa Houston

Huku bima haitaki kusikia neno urembo. Wanalipia kukata aproni tu, na lazima uthibitishe: picha za mbele na ubavuni zinazoonyesha ngozi imevuka mfupa wa kinena, kumbukumbu za daktari kwamba vidonda na fangasi vimetibiwa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu, havikupona, na uzito umetulia. Kushona misuli, kunyanyua matiti, mikono, hizo ni hela zako. Mke wangu alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu kila akipata upele alikuwa anajinunulia dawa dukani, hakuna rekodi. Tukaanza upya, kila upele tunaenda kliniki, wanaandika, wanapiga picha. Mara ya pili wakakubali. Nyumbani sijui bima zinasemaje, lakini ukienda hospitali acha waandike.

---

DaktariMchungu

Nyumbani ni hivyo hivyo kwa mlango wa nyuma. Kikiandikwa "urembo" umeshajilipia. Na hospitali ya umma si za kudharau kwa mambo haya, Muhimbili Mloganzila wana huduma za upasuaji rekebishi, nendeni mkaulize bei kabla ya kukata tiketi ya ndege.

---

Chausiku M.

Tiketi ya ndege umenigusa. Mimi nilienda Istanbul. Tumbo na mikono siku moja, hoteli, dereva, maua kitandani. Siku ya nane nikapanda ndege kurudi kwa sababu kifurushi kilikuwa cha siku nane, si kwa sababu nimepona. Nilivyofika tumbo likaanza kucheza kama mfuko wa maji. Majimaji yamejikusanya chini ya ngozi. Nilimtumia daktari picha WhatsApp, tiki za bluu, kimya. Madaktari watatu hapa Dar hawakutaka kunigusa, "rudi kwa aliyekukata". Wa nne akanionea huruma, akayavuta kwa sindano mara tatu, kila baada ya siku nne.

Matokeo ni mazuri, siwezi kusema uongo, mkono wangu wa kulia ningemwonyesha hata rais. Ila kama una mpango wa kwenda, tafuta kwanza wa huku atakayekupokea ukirudi, na kaa huko wiki tatu. Ndege ya masaa saba na miguu iliyokunjwa baada ya kukatwa, sasa hivi nikikumbuka nasisimka.

---

Amina wa Likoni

Niko Mombasa. Dadangu mleta uzi, umejuaje kama huyo ni bingwa kweli? Huku kwetu Oktoba 2024 baraza la madaktari lilifunga kliniki moja Nairobi baada ya mama kufariki, tangu siku hiyo mume wangu hataki hata nitaje.

---

MamaWawili_Tabata

@Amina niliuliza maswali ambayo mara ya kwanza sikuuliza. Umesajiliwa wapi na kama bingwa wa nini. Nikalitafuta jina kwenye orodha ya Baraza la Madaktari; nyie baraza lenu la Kenya, KMPDC, orodha yao ipo mtandaoni, unaandika jina unaona. Nani anatoa usingizi, na atakaa chumbani muda wote? Nikizidiwa usiku kuna damu, kuna ICU, au mnanipakia kwenye Noah mnanipeleka kwingine? Na nikaomba kuona picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yangu, makovu ya mwaka mzima, si ya wiki mbili. Alinionyesha na lile lililoharibika. Hapo ndipo nilipomwamini.

Mwambie shemeji ana haki ya kuogopa. Mpeleke aulize yeye.

---

Slim_Shebby

Mimi tumbo halina shida, uso ndiyo umeisha. Nimepungua 22 na Ozempic, mashavu yamezama, ofisini wananiamkia shikamoo watu tuliosoma nao.

---

DaktariMchungu

@Slim_Shebby pole babu. Mafuta ya uso yanaondoka na mengine, ngozi inakosa kitu cha kuegemea. Kuna sindano za kujaza, zinakaa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi kidogo, halafu unarudia. Kuna kuchukua mafuta sehemu nyingine ya mwili na kuyapandikiza usoni, lakini sehemu yake inanyonywa na mwili, na ukizidi kupungua yanapungua nayo. Na kuna kukaza uso kwa kisu. Ningekuwa wewe ningetulia mpaka uzito usimame. Na hakikisha hiyo Ozempic ni Ozempic: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko, za kwenye Instagram zenu je?

---

Neema_27

Dada, nina miaka 27, sijazaa. Nimeshuka 30. Nifanye sasa au nisubiri? Na ukiacha sindano itakuwaje, si tumbo linarudi?

---

MamaWawili_Tabata

@Neema_27 mdogo wangu, daktari wangu swali lake la pili lilikuwa "umemaliza kuzaa?" Mimba ikija inavuta kila kitu alichoshona. Haiui, ila umelipa bure. Kama ngozi haikutoi vidonda, zaa kwanza. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango huku unachoma Mounjaro, uliza: ukianza na kila ukiongeza dozi wanashauri uongeze na kinga nyingine kwa wiki nne. Tumeona watoto wa sindano humu.

Kuacha sindano: kwenye utafiti wa semaglutaidi (dawa iliyomo kwenye Ozempic), walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana kabla ya kuuza gari nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya sindano ya miaka, si ya upasuaji peke yake. Sasa hivi niko dozi ndogo, mzani unacheza 82, 83. Ningekuwa sina uhakika wa sindano, nisingekatwa.

---

Kipanga Mweusi

Swali la kweli sasa, sitanii. Kitovu je? Wakivuta ngozi yote chini kitovu kinaenda wapi?

---

MamaWawili_Tabata

Leo umeuliza la maana. Kitovu hakihami, kimeshikilia kule ndani. Wanakizunguka kwa kisu, wanavuta ngozi kwa juu yake, kisha wanatoboa dirisha jipya na kukitokeza. Cha kwangu kimekuwa kidogo, cha kusimama, kama cha msichana.

Mama hilo ndilo lililomkosesha usingizi, si nusukaputi. Usiku kabla ya upasuaji akamwita daktari pembeni, na mimi nasikia: "Baba, kitovu chake msikitupe. Kile kingine nilikizika mwenyewe Muheza, chini ya mchungwa." Daktari akamwambia mama, hiki ninamrudishia. Siku ya kufungua bandeji mama alikuwa wa kwanza kuinama, akavaa miwani, akakitazama muda mrefu, akasema, "Ndicho."

---

Kipanga Mweusi

Basi picha ya kitovu tu.

---

MamaWawili_Tabata

Hapana.